Ngoma Ndizo Zilizotusingizia, Si Fidla

Kuna hoja imeenea miongoni mwetu Waafrika Mashariki tunaoishi ukanda huu wa Toronto, na nadhani hata nyumbani imeshafika. Inasema hivi: ukitaka kuusafisha muziki wa filamu na uchafu wa kikoloni, toa fidla, bakiza ngoma. Wanaoisema si wajinga. Nimeisikia Scarborough baada ya maonyesho ya filamu fupi, nimeisikia Ajax kwenye meza ya harusi, na nimeisikia hapa Pickering, katika kikao cha maktaba kuu jirani na jengo la manispaa, ikitolewa na kijana mwenye shahada mbili na adabu zake. Ushahidi wao ni tamthilia za zamani za televisheni zilizojidai kuonyesha Afrika: Daktari, Cowboy in Africa, Born Free na nyingine za ukoo huo. Okestra iliyokuwa ikivuma chini ya picha zile, wanasema, ni sauti ya bwana mkubwa anayelitazama shamba lake kutoka juu ya Land Rover. Ngoma, wanaongeza, angalau zilikuwa zetu.

Mimi nasema wamemkamata asiye mwizi. Katika kesi hii ngoma ndizo zilizotoa ushahidi wa uongo, na okestra ilifanya kazi yake kwa uaminifu hata pale picha zenyewe zilipokuwa za kutia aibu.

Nisingejisumbua kuandika kama ubishi huu ungekuwa wa wazee wenye santuri. Lakini unakata kazi za watu. Kuna kikundi cha vijana wetu wa Durham na Scarborough waliopiga filamu fupi juu ya bibi anayerudi Mombasa baada ya miaka mingi ya ughaibuni. Walikuwa wamepata fidla halisi: mzee mmoja wa Unguja aliwapigia, wakarekodi, ikakaa vizuri juu ya picha. Mhariri alipoisikiliza akasema inanuka Hollywood ya miaka ya sitini. Ikatolewa. Mahali pake pakawekwa midundo iliyonunuliwa mtandaoni ndani ya folda iliyoandikwa "Afrika". Afrika ya wapi, haikusema. Bibi anashuka uwanja wa ndege, mlango unafunguka, ngoma zinaanza. Siku ya onyesho jirani yangu, Mdigo wa Kwale, aliuliza kwa upole ile ni ngoma gani. Hakuna aliyeweza kumjibu, kwa sababu haikuwa ngoma ya mtu yeyote.

Tuanze na yale ambayo sina haja ya kuyatetea. African Patrol ilipigwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1950, vipindi 39, shujaa wake akiwa inspekta Mzungu wa polisi. Hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ilikuwa bado haijaondolewa. Iliondolewa Januari 1960. Kwa hiyo watazamaji wa Uingereza walikuwa wakiburudishwa na polisi jasiri wa Kenya katika miaka ileile ambayo Wakenya walikuwa wakiwajua polisi hao kwa njia nyingine kabisa. Daktari ilionyeshwa na CBS tangu 1966 hadi 1969, vipindi 89, ikiwa na jina la Kiswahili na mganga wa wanyama wa Kimarekani. Simba wake mwenye makengeza, Clarence, na sokwe wake Judy, waliishi kwenye shamba la wanyama lililoitwa Africa USA, kwenye bonde la Soledad huko California. Tarzan wa Ron Ely alirukaruka Brazil na Meksiko. Katika nyingi ya hizi Mwafrika ni msaidizi, mchukuzi, au mtu wa kuokolewa. Hayo yamesemwa na wengi na yamesemwa kweli.

Lakini sikio lina hukumu yake. Mtu anayedai kwamba okestra ndiyo iliyobeba uongo huo, nadhani hajakaa akaisikiliza. Amekumbuka picha, kisha akaupa muziki lawama za picha.

Chukua Daktari yenyewe, maana ndiyo inayotajwa kwanza kila mara. Ina fidla ngapi masikioni mwako? Muziki wake ulitungwa na Shelly Manne, mpiga ngoma wa jazi, mmoja wa mabingwa wa Los Angeles. Santuri yake ilitolewa na kampuni ya Atlantic. Mimi nakala yangu niliipata katika soko la wikiendi lililokuwa Brock Road hapa Pickering kwa miaka mingi, imebanwa kati ya Krismasi ya fulani na polka za fulani. Soma jalada: Emil Richards, Larry Bunker, Victor Feldman, Frank Carlson. Wote ni wapigaji wa vitu vya kugongwa. Ni marimba, kengele, ngoma na manyanga, pamoja na piano na gitaa. Ni muziki mzuri, tena wa kuchangamsha, na Manne hakuwa na hila yoyote. Aliajiriwa, akafanya kazi. Ila tazama mambo yalivyokaa: tamthilia iliyokuwa mbali kuliko zote na Afrika, iliyopigwa kwenye vilima vya California, ndiyo iliyolazimika kutegemea midundo kuliko zote. Kila mti wa California ulipotokea kwenye kioo, kitu kiligongwa ili usiutambue. Ngoma zilifanya kazi ya kugonga muhuri kwenye pasipoti bandia.

Mtindo huo wa kugonga ulitoka wapi? Haukutoka kwetu. Ulitengenezwa kwanza kwa ajili ya watu wengine, na mimi ninayeandika nikiwa Pickering nina sababu ya kuwakumbuka, kwa kuwa mji huu umekaa juu ya ardhi ya Wamississauga, ardhi ya Mikataba ya Williams ya 1923. Katika filamu za makauboi, magari ya walowezi yalipotokea bondeni, nyuzi za fidla zilipanda na pembe zikajibu. Wenyeji walipotokea juu ya kilima, okestra ileile ilinyamaza na ngoma ikaanza: mapigo manne, la kwanza zito, matatu mepesi, tena na tena. Mlowezi alipewa wimbo, na wimbo una mwanzo, una mashaka, una mahali unapokwenda. Mwenyeji alipewa king'ora. Kanuni hiyo haikujali kabila wala nchi. Mwaka 1957 Hawkeye and the Last of the Mohicans ilipigwa hapahapa Ontario, na nafasi ya Chingachgook, mkuu wa Wamohikani, ikachukuliwa na Lon Chaney Jr., Mzungu aliyezaliwa Oklahoma. Watengenezaji walioweza kufanya hivyo kwa uso wa mtu hawakuona shida kufanya vivyo hivyo kwa ngoma yake.

Afrika ilipopata zamu kwenye televisheni, king'ora hicho kilikuwa tayari rafuni. Kikafutwa vumbi na kubandikwa jina jipya.

Kwa hiyo mtu anaponiambia "ngoma angalau zilikuwa zetu", namuuliza swali la Mdigo wangu: ngoma gani? Sengenya? Gonda? Kibati cha Pemba, ambacho nusu yake ni majibizano ya maneno? Msewe? Chakacha, au lelemama na vyama vyake vya kina mama na mashindano yao ya mavazi? Ngoma zetu zina wenyewe, zina misimu, zina sababu ya kupigwa na sababu ya kutopigwa, na mkongwe akiisikia kwa mapigo mawili matatu hukwambia mtaa ilikotoka. Tamthilia hizo hazikuwa na nafasi wala hamu ya kubeba hata moja katika hizo. Zilichotumia ni mgongo wa ngoma usio na uso. Anayetaka leo kubakiza ngoma hizo na kufukuza fidla anamfukuza mgeni aliyejitambulisha na kumkaribisha aliyeghushi jina la ukoo wetu.

Sasa nije kwenye mfano ninaoupenda, ingawa ni filamu ya sinema na si tamthilia, maana ndio mama wa tamthilia nyingi zilizofuata. Howard Hawks alipiga Hatari! Tanganyika, eneo la Momella karibu na Arusha, na filamu ikatoka 1962. Muziki ulikuwa wa Henry Mancini. Hawks alirudi kutoka Afrika na mzigo wa sauti: kanda alizorekodi, marimba ya vidole, manyanga. Mancini alivitumia, na vimo ndani ya filamu kwa wingi. Lakini kipande kilichobaki duniani, kile ambacho hata mtoto wa chekechea wa Pickering anakitambua bila kujua kimetoka wapi, ni Baby Elephant Walk.

Kisikilize kwa makini. Mwanamke anawaongoza ndama wa tembo kwenda mtoni kuoga. Mancini hakuuliza "hapa ni wapi?" Aliuliza "hawa wanatembeaje?" Akaona mwendo wao una mapigo manane kwa kila fungu, mwendo wa bugi-wugi wa piano za baa za Marekani. Akaweka kinanda cha sarakasi kile cha filimbi za mvuke, ila cha umeme, kikawa kinayumba kama kimevimbiwa. Juu yake akaweka klarineti ndogo ya sauti kali inayojifanya mtu mzima. Hakuna hata kimoja humo kilichotoka Arusha. Na bado hakuna kipande cha muziki wa zama zile kinachowaheshimu zaidi wanyama wa Arusha, kwa sababu mtunzi aliwaangalia wao badala ya kuangalia ramani. Alipata tuzo ya Grammy kwa upangaji wa kipande hicho, na haikuwa ya bure.

Hiyo ndiyo maana ya kazi ya okestra katika picha. Kuangalia. Wanaodharau muziki huo wanafikiri ulimwagwa tu kama mchuzi juu ya wali. Ulipimwa kwa saa. Filamu hukimbia picha 24 kwa sekunde. Mhariri wa muziki aliandika kwenye karatasi sekunde na sehemu ya sekunde ambayo mlango unafungwa, bunduki inaelekezwa, mtu anageuka. Mtunzi akachagua mdundo wa kugongwa masikioni mwa wapigaji: ukigonga mara moja kwa kila picha 12, unapata mapigo 120 kwa dakika kamili. Juu ya hesabu hiyo kavu alitakiwa aandike kitu chenye pumzi, mara nyingi kwa siku chache tu, kisha wapigaji wakikalie kwa mara ya kwanza asubuhi na kukirekodi kabla ya muda wao wa saa tatu haujaisha. Atakayesema ni kazi ya mkono wa kushoto, ajaribu.

Najua watajibu: mbona muziki wenyewe ulirudiwarudiwa? Ndiyo, ulirudiwa, na sababu ni ya fedha na vyama vya wafanyakazi, siyo uvivu. Chama cha wanamuziki cha Marekani chini ya James Petrillo kiliwadai watengenezaji wa televisheni asilimia tano ziingie katika mfuko wa wanamuziki. Watengenezaji wengi wakakwepa: wakanunua muziki uliokwisha kurekodiwa Ulaya, umepangwa kwenye makabati kwa hisia, huzuni kabati hili, kufukuzana kabati lile. Baadaye desturi ikawa kurekodi muziki wa vipindi vichache vya msimu na kuusambaza kwa vilivyobaki. Muziki wa mapigano ambao Gerald Fried aliuandika 1967 kwa kipindi kimoja cha Star Trek ulitumika tena katika vipindi vingine mpaka ukawa maarufu kuliko kipindi chenyewe. Muziki uliotungwa kwa ugomvi mmoja, ukakaa katika mingine bila kulalamika, una afya.

Hapa ndipo Toronto inapoingia, na inaingia kwa mlango mkubwa. Percy Faith alizaliwa mjini humo 1908. Akiwa mtoto alikuwa tayari anapiga piano kwenye kumbi za sinema bubu, akijaza ukimya wa picha. Alipofikisha miaka 18 nguo za dadake zilishika moto. Akauzima kwa mikono yake, mikono ikaungua, na ndoto ya kuwa mpiga piano wa jukwaani ikaishia hapo. Akageukia kupanga muziki wa wengine. Robert Farnon alizaliwa Toronto 1917, akapiga tarumbeta katika okestra ya Faith kwenye redio ya CBC, na Faith alipohamia Marekani 1940 Farnon akashika fimbo. Mwaka 1944 alivuka kwenda Uingereza na bendi ya jeshi la Kanada, akabaki ng'ambo hadi kufa kwake Guernsey 2005.

Faith, mtoto wa Toronto, ndiye aliyeandika muziki wa utambulisho wa The Virginian, tamthilia ya makauboi wa Wyoming iliyoanza 1962. Farnon, mtoto wa Toronto, aliandika muziki wa filamu ya Kapteni Hornblower na mabaharia wake wa 1951, kisha ule wa tamthilia ya BBC ya wafungwa wa vita katika ngome ya Colditz iliyoanza 1972, na muziki wake mwingine ukakaa kwenye makabati yale niliyoyataja, ukingoja picha yoyote itakayouhitaji. Hakuna hata mmoja kati yao aliyechunga ng'ombe Wyoming, wala aliyepigana na Napoleon baharini. Nani amewahi kuwadai uthibitisho? Nani amewahi kusema muziki wa The Virginian ni wa bandia kwa kuwa haukupigwa kwa ala za wachunga ng'ombe, au kwamba Farnon angepaswa kubaki na nyimbo za maboti ya Ziwa Ontario? Mtu wa Toronto anaruhusiwa kutunga juu ya dunia nzima. Mtu wa Unguja anapochukua fidla kuelezea uwanja wa ndege wa Mombasa, anaulizwa kama amepotea njia.

Na anaulizwa na nani? Na sisi wenyewe. Hilo ndilo linaloniudhi.

Maana fidla haikuja kwetu na Land Rover. Kwa masimulizi ya Unguja, Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alileta wapigaji kutoka Misri na akampeleka Mohamed Ibrahim Kairo kujifunza ganuni. Ikhwani Safaa iliundwa 1905. Culture Musical Club, 1958. Katikati ya karne iliyopita vikundi hivyo vilikuwa na safu za fidla, chelo, besi, ganuni, udi, nai na akodiani, pamoja na dumbak na rika. Watu wa Mji Mkongwe walikwenda sinema kutazama filamu za Misri, wakatoka wakizungumzia nyuzi za mtunzi Mohamed Abdel Wahab kabla ya kuzungumzia waigizaji. Walioshiba okestra ndani ya filamu namna ile hawana sababu ya kuambiwa leo kwamba okestra ya filamu si desturi yao.

Tena tulikuwa na namna yetu. Kaa karibu na kikundi cha taarab wanapofungua kwa bashraf. Fidla zote zinabeba sauti moja, hazigawanyiki katika ghorofa kama za Hollywood, lakini kila mpigaji anaipamba kwa kidole chake: huyu anaitelezesha, yule anaitetemesha, wa tatu anachelewa nusu pumzi kisha anawahi. Ganuni inachokoza katikati. Nai inaingia na kuondoka. Ukifumba macho unasikia mtu mmoja mwenye koo nyingi. Mtunzi wa Hollywood alipotaka wasiwasi aliwaambia wapiga fidla watetemeshe upinde juu ya noti moja. Mpiga fidla wa Unguja hupata wasiwasi huohuo kwa kuikaribia noti bila kuifika. Ni mbinu mbili, na zote ni za okestra.

Wala si nyuzi pekee. Beni ilivuma pwani tangu mwanzo wa karne ya 20, tarumbeta na ngoma za bendi, Kingi na Scotchi wakishindana Mombasa, Marini na Arinoti Dar es Salaam, gwaride, vyeo vya kujipa na matusi ya kistaarabu. Leo watoto wa Korogocho wanapiga fidla katika mradi wa Ghetto Classics, na Kinshasa ina okestra ya simfoni ya Wakimbanguisti tangu 1994, iliyoanzishwa na Armand Diangienda. Watu hawa wote wafutwe ili hoja ya folda ya "Afrika" isimame?

Kuna ushahidi mmoja zaidi kutoka zama zilezile, na sielewi kwa nini hautajwi. Septemba 1966, mwezi uleule ambao televisheni ya Marekani ilikuwa ikimrukisha Tarzan wa Ron Ely, Star Trek iliweka kwenye daraja la meli ya angani mwanamke Mwafrika, ofisa wa mawasiliano, jina lake Uhura. Nichelle Nichols alipogeuka kwenye kiti kile, muziki uliomzunguka ulikuwa uleule uliowazunguka wenzake wote, wa Alexander Courage, Fred Steiner na Sol Kaplan. Katika kipindi kimoja cha 1967 anafutiwa kumbukumbu, na lugha anayoirudia ni Kiswahili. Okestra kumpa sauti ileile ya kapteni ilikuwa namna ya kumhesabu kuwa mtu kamili. Watengenezaji wa Strange New Worlds, iliyopigwa Mississauga, safari ya saa moja hivi kutoka hapa barabara ikiwa na huruma, walilielewa jambo hilo: katika kipindi cha pili cha 2022 Uhura kijana anayechezwa na Celia Rose Gooding anavumisha wimbo, na kitu cha ajabu kilichomo ndani ya nyotamkia kinamwitikia kwa muziki. Yeye ndiye anayegundua, kwa sikio lake.

Wapinzani wangu wana hoja moja nzito, na nimeiacha mwisho kwa heshima. Wanasema: watunzi hao hawakutuuliza. Malcolm Arnold, aliyeandika muziki wa Africa Texas Style, filamu iliyopigwa Kenya na kuzaa Cowboy in Africa, alikuwa Mwingereza aliyewahi kupiga tarumbeta London Philharmonic. Waingereza wakatunga, Wamarekani wakalipwa, na John Barry akachukua Oscar mbili kwa filamu ya Born Free, huku wapiga fidla wa Zanzibar wakibaki kwenye harusi. Ni kweli tupu. Lakini tazameni inaelekea wapi. Kama kosa ni kwamba mpiga fidla wetu hakuajiriwa 1966, dawa haiwezi kuwa kumfuta kazi leo. Aliyenyimwa kiti haponywi kwa kuchomewa meza.

Na tusidhani wenye studio walizithamini sana kazi hizo. MGM, ambayo ndiyo iliyohusika na Daktari, ilizitupa jaani karatasi nyingi za muziki wa maktaba yake kuelekea 1970, partitura na sehemu za wapigaji pamoja, kwa sababu zilikuwa zinakula nafasi. Waliobaki wanaoupenda muziki wa zama hizo wamelazimika kuusikiliza tena na tena kutoka kwenye filamu na kuuandika upya noti kwa noti. Ukiona mtu anaukejeli, basi ana wenzake wenye suti waliomtangulia.

Limebaki neno la gharama, ambalo mhariri wa filamu ile ya bibi alilitumia pia kama shoka: okestra ni ghali. Ya Hollywood, naam. Lakini nimeshasema fidla zetu hupiga sauti moja. Hazihitaji watu arobaini kujaza chumba. Fidla tatu, chelo, ganuni na mtu wa rika, jioni moja Mji Mkongwe. Chuo cha muziki cha Dhow Countries kimekuwa kikifundisha ala hizo tangu 2002, na waliopita hapo wanasoma noti na wanarekodi kwa mtu wa mbali. Sauti inafika Pickering usiku uleule. Folda ya "Afrika" nayo inalipiwa, kila mwezi, kwa kadi, na hakuna senti yake inayovuka kwenda Unguja.